Kanisa la Chini, Juu ya Kilima

Mtu wa Vrbonín akikwambia kanisa liko kule chini, wewe panda kilima. Usimbishie. Panda taratibu, lipite duka la mikate, ipite nguzo ya Bikira Maria iliyosimama uwanjani tangu tauni ilipoondoka, pinda kwenye ukuta wa mawe, kisha uendelee kupanda mpaka magoti yakukumbushe umri wako. Hapo utaliona kanisa na mnara wake wa kengele, na mji wote umelala miguuni pako, na nyuma yake bwawa kubwa la Dědek, yaani Babu, likimeta. Hapo ndipo chini. Ukitaka kwenda Mji wa Juu, teremka ulikotoka, teremka tena na tena, mpaka viatu vyako viguse maji ya mto Olešná.

Zdislava Zbořilová alizaliwa ndani ya maneno hayo na hakuwahi kuyaona kuwa na kombo. Alizaliwa Mji wa Juu, jirani na kinu cha maji, mahali pa chini kuliko pote, ambapo vyura huingia jikoni bila kubisha hodi. Watu wa Bukovec, mji jirani, waliwaita wenzao wa Vrbonín "wala vyura". Watu wa Vrbonín nao waliwajibu kwamba afadhali mla chura kuliko mtu ambaye mji wake haujawahi kutamaniwa hata na adui.

Maana Vrbonín ulitamaniwa. Bohumil Pazderka, babake Zdislava, alikuwa seremala, na kila alipokuwa akipiga randa alikuwa akipiga na hadithi. Zamani za mababu, alisema, mji ulikuwa kule kileleni, nyuma ya kanisa. Wakaja Waswidi na vita vyao virefu, wakauchoma. Waliosalimika wakateremka mtoni kwa sababu kinu kilikuwa bado kinasaga, na majivu hayaliwi. Waliokuwa wakiishi upande wa juu wa mji ule wa kale wakajenga pamoja, jirani kwa jirani kama walivyozoea, na mtaa wao mpya wakauita jina lile lile la zamani, Mji wa Juu, hata kama sasa ulikuwa kwenye matope. Na kanisa, ambalo mababu walikuwa wakiliteremkia kila Jumapili, likabaki kuwa la chini.

"Wamechoma nyumba," Bohumil alikuwa akisema, huku akipuliza maranda kwenye mkono wake. "Wamekula ng'ombe. Mbegu wamewapa farasi wao. Yaliyobaki ni maneno, na maneno hayashiki moto. Sasa wewe mwanangu usije ukayatupa kwa kuwa mtu wa Praha amekucheka."

Zdislava hakuyatupa. Mkataa kwao ni mtumwa, na yeye hakuwa na damu ya utumwa hata tone. Alipokuwa bado msichana alipata kazi kwenye ofisi ya mji, akawekwa mbele ya maikrofoni, kwa kuwa sauti yake ilikuwa nene na haikuharakisha. Miji yetu yote ina vipaza sauti kwenye nguzo. Kila Jumatano hupigwa kwanza muziki wa tarumbeta, unaokwaruza kama sufuria, kisha mtu husoma habari: maji yatakatwa mtaa fulani, lori la kuku wa kutaga litasimama uwanjani, wamo weusi na wekundu, mazishi ya fulani yatakuwa lini. Wakati ule wakubwa wa wilaya walikuwa wameuvua Vrbonín cheo cha mji, wakaandika kwamba ni kijiji. Waraka ukaja, Zdislava akaambiwa aseme "kijiji". Akasema ndiyo. Kisha akawasha maikrofoni, akasema, "Wananchi wapendwa wa mji wa Vrbonín," na akaendelea hivyo mwaka hadi mwaka, na alipoulizwa akajibu kwamba ulimi umezoea. Hawakumfukuza. Nani tena angesoma mazishi vizuri namna ile?

Mumewe alikuwa mtu wa kuja. Metoděj Zbořil alitoka Haná, nchi tambarare kama meza, ambako kitu kirefu kuliko vyote, kwa maelezo ya watu wa baa, ni rundo la viazisukari. Alikuja kijana, fundi wa umeme wa kiwanda cha mbao, akamwona Zdislava kwenye dansi ya wazima moto, akamkanyaga vidole, akamwomba msamaha, akamkanyaga tena. Zdislava akamwambia kwamba kama anataka kuomba msamaha sawasawa, amsubiri Jumapili baada ya misa, chini kanisani.

Ilikuwa mvua Jumapili ile, na wingu lilikaa juu ya kilima kama kofia. Metoděj hakuliona kanisa. Aliambiwa chini, naye akateremka. Kule mtoni, kando ya daraja, palikuwa na kikanisa cha Mtakatifu Yohana, kidogo kiasi kwamba padri hawezi kunyoosha mikono ndani yake. Watu wa Vrbonín hawakihesabu kuwa kanisa. Hukiita Jánek tu, yaani Yohana mdogo, kama unavyomwita mtoto wa jirani. Lakini Metoděj aliona msalaba, akaona paa, akasema ndilo hili. Akasimama pale na shada la maua mekundu, maji yakimtiririka shingoni, huku Zdislava akiwa amesimama kilimani kwenye mlango wa kanisa, amevaa viatu vipya, akizidi kukasirika kila mwavuli ulipopita na kumwacha peke yake.

Zdislava alikutana naye akirudi nyumbani. Maua yalikuwa yameinama kama watu waliofiwa.

"Unafanya nini huku juu?" Zdislava alimuuliza.

Metoděj akatazama mto uliokuwa ukilamba viatu vyake. Akamtazama msichana. Akautazama mto tena.

"Juu?" akasema.

Zdislava akaanza kucheka, na kicheko kile ndicho kilichomshika mwanamume yule wa Haná akashindwa kurudi kwao. Lakini kabla hajamposa aliweka sharti, na alilisema mbele ya mzee Bohumil, kwa heshima zote. "Mzee wangu, binti yako nitamwoa. Samaki wenu nitakula, na siku yangu ikifika nizikeni hapa hapa. Lakini neno lile la chini sitalisema hata mnitose bwawani."

Bohumil akasema kwamba mume mkaidi ni bora kuliko mume mtepetevu, akamimina vikombe viwili vya pombe kali ya plamu.

Na kweli hakulisema. Kwenye baa walimtega kila namna. Walimuuliza kanisa liko wapi, akajibu, "Palepale mlipoliacha." Walimuuliza anakwenda wapi Jumapili, akajibu, "Anakokwenda mke wangu." Wengine waliweka dau la bia. Metoděj alikunywa bia zao, na neno likabaki kooni mwake.

Hata hivyo mji ulimpokea. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye walimpa kamba ya kengele. Mpigaji wa zamani alipozeeka mabega, padri alitafuta mtu asiyeogopa ngazi, na fundi wa umeme hawezi kuogopa ngazi. Kengele yenyewe ni Voršila, ndogo, ina sauti kali kidogo kama mama anayeita watoto jioni. Zilikuwa mbili. Wakati wa vita Wajerumani walikuja kuzichukua kuyeyusha wapate mizinga. Ile kubwa waliipata. Voršila hawakuipata, kwa kuwa Bohumil Pazderka na wenzake walikuwa wameishusha wakaizika kwenye matope ya Dědek. Vita vilipokwisha, vuli ile, maji ya bwawa yakafunguliwa kama ilivyo desturi ili samaki wavuliwe, na wavuvi wenye mabuti marefu wakakuta katikati ya samaki wanene kitu cheusi kimelala kwa ubavu. Wakakiosha pale pale. Mmoja akakigonga kwa mpini wa wavu, kikalia. Wanasema wanaume walilia pia, ingawa kila mmoja alisingizia baridi.

Basi hayo ndiyo aliyokuwa nayo Zdislava: sauti, mume mkaidi, kengele iliyotoka matopeni, na maneno ambayo moto haukuyaweza. Aliyabeba kama mwanamke abebavyo mtungi kichwani, bila kushika.

Kisha ikaja ile Agosti ya mafuriko makubwa, mwaka 2002.

Mvua ilinyesha mpaka watu wakaacha kuizungumzia. Olešná iligeuka rangi ya kahawa ya maziwa. Dědek alijaa mpaka kwenye mizizi ya mialoni iliyopandwa juu ya tuta lake, na wazee waliokuwa wakienda kulitazama tuta walirudi wakaanza kupandisha vitu darini. Kwenye majani chini ya tuta, kati ya bwawa na mto, palikuwa na mahema ya wageni. Walikuwa familia za Ostrava, mbali sana, zinazopiga kambi kila mwaka na watoto wao, lakini mwaka huo ndipo walipokuja Vrbonín mara ya kwanza, maana walikozoea palikuwa pamejaa. Kiongozi wao aliitwa Drahomíra, muuguzi mstaafu, mwanamke mnene mwenye koti la mvua la njano, ambaye asubuhi ile ile alikuwa amepita ofisini kuuliza kama wahame. Meya alikuwa amemwambia kwamba akihitajika kuhama atatangaziwa, awe na amani, mji una vipaza sauti mpaka mtoni.

Kabla ya chakula cha mchana meya mwenyewe, Otakar Tůma, aliingia ofisini na mabuti yanayotoa maji. Alikuwa mtu mpole mwenye masharubu, mwokaji mikate wa asili. Alisema tuta limeshika, ila maji yameanza kupita juu yake upande wa mlango wa zamani wa kufungulia maji, na mto nao unapanda. Watu wote wa Mji wa Juu na wale wa mahema waondoke. Yeye anarudi na wanaume kuweka magunia ya mchanga.

"Waambie waende kanisani, Zdislavo," akasema. "Wewe unajua kusema. Mimi nikisema watadhani mikate imeungua."

Metoděj alikuwa tayari kule kilimani na padri, wakifungua milango na kutandika mablanketi kwenye viti.

Zdislava hakupiga muziki. Aliwasha maikrofoni, akatazama taa zake mbili za kijani kwenye sanduku la mitambo, moja ya nguzo za mtoni, moja ya nguzo za uwanjani na kilimani, zote zinawaka. Akasema, bila kuharakisha, kama anavyosoma siku zote: "Wananchi wapendwa wa mji wa Vrbonín, na wageni wetu. Maji ya Dědek yamepita tuta. Acheni vitu. Chukueni watoto na wazee. Nendeni chini kanisani, wote, sasa hivi." Akarudia. Akarudia tena, akitamka kila neno vizuri, kwa ajili ya wageni hasa.

Kisha akaenda dirishani.

Ofisi ya mji iko pembeni mwa uwanja, katikati ya mteremko, na kutoka pale unaona barabara inavyoshuka mpaka darajani. Aliwaona watu wake wakipanda. Wanawake wa Mji wa Juu na mikoba, mzee akisukumwa kwenye toroli, mbwa, kuku ndani ya kapu la nguo. Wanapanda bila kelele, kama watu wanaokwenda misa. Ndio watu wa Vrbonín hao, alijisemea, neno moja tu, na kila mtu anajua pa kwenda.

Halafu akaona makoti ya rangi. Jekundu, buluu, mengine madogo madogo yameshikana mikono, na mbele yao la njano. Walikuwa wametoka kwenye majani wakafika barabarani. Na pale barabarani, kwa utulivu, kwa utii, bila hata mmoja kusukuma mwingine, walipinda wakaanza kuteremka. Walikuwa wanakwenda Jánek.

Zdislava hakufikiri juu ya bwawa wala mto. Aliona maua mekundu yameinama mbele ya kikanisa, na kijana wa Haná amelowa, akiuliza: juu? Maji yakimwagika hayazoleki, na neno vivyo hivyo. Yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, kwa sauti ile waliyoisifu miaka yote, alikuwa amewatuma watoto wa watu darajani.

Aliruka kwenye maikrofoni. Alitaka kuwaambia warudi juu, na ulimi ukamkatalia, kwa kuwa juu ni mtoni. Akasema, "Wageni, geukeni! Pandeni kilima! Kilima!" Ndipo akaiona taa. Ile ya nguzo za mtoni ilikuwa imezimika. Maji yalikuwa yameshafika kwenye nyaya. Sauti yake ilikuwa ikiwafikia walio uwanjani na walio kilimani, ambao hawakuwa na haja nayo, na kule chini — chini ya kweli, chini ya Metoděj — palikuwa kimya.

Kukimbia? Nyonga yake moja ilikuwa mbovu tangu alipoanguka kwenye barafu, na wale walikuwa wamebakiza nyumba chache kufika darajani. Wanaume wote walikuwa kwenye tuta, upande mwingine. Akauinamia tena mtambo, na safari hii hakusema na wananchi wapendwa.

"Baba," alisema. Nguzo zote za uwanjani na kilimani zikasema baba. "Metoděj, kama unanisikia. Kuna watu wamekwenda kunisubiri pale uliponisubiri wewe, siku ya maua. Hawajui, kama wewe ulivyokuwa hujui. Sauti yangu haiwafikii. Piga Voršila, mzee wangu. Piga, usiache mpaka uwaone."

Wanaosimulia habari hii husema kwamba Metoděj alikuwa na blanketi mikononi, na kwamba halikuanguka sakafuni, aliliweka mabegani mwa bibi wa kwanza aliyepita mbele yake, huku tayari anakimbia. Watu waliokuwa mlangoni mwa kanisa walitazamana. Siku ya maua gani? Lakini yeye hakuhitaji maelezo. Kwa miaka yote ile mji ulikuwa na mtu mmoja tu aliyejua mgeni huelewa nini anapoambiwa chini.

Akaipiga kengele upande mmoja tu, kama wanavyopiga kukiwa na moto, haraka, bila pumzi. Voršila ikapasua lile wingu la mvua.

Darajani, Drahomíra alikuwa ameshaufungua mlango wa Jánek. Alisimulia baadaye kwamba alishangaa, akajiuliza hawa watu wa hapa ni wadogo namna gani hata waenee humu, na mbona hawaonekani, na mbona maji yako kwenye kizingiti. Ndipo akasikia kengele. Akainua kichwa kutazama paa la kikanisa. Jánek hana kengele. Sauti ilikuwa ikitoka nyuma yao, kutoka mbinguni, angesema mtu, kutoka ndani ya wingu lile. Ameambiwa kanisani. Kengele hukaa kanisani. Basi kanisa liko huko.

"Nyuma geuka!" akawaambia, kwa sauti ya wodini. "Tunaifuata kengele. Wakubwa wabebe wadogo. Na asiulize mtu."

Wakapanda. Zdislava alikutana nao karibu na duka la mikate, kwa kuwa alikuwa ametoka ofisini akichechemea bila koti. Alichukua mtoto wa mwisho mkononi, akawahesabu kwa macho, akamwuliza Drahomíra kama wote wapo. Wote wapo. Wakapanda pamoja kuelekea sauti ile, na ilikuwa inapigwa bado walipopita ukuta wa mawe, na bado walipoingia, mpaka mtu akapanda ngazi kumwambia Metoděj inatosha, akamkuta viganja vimechubuka, naye akauliza kwanza, "Kanisa limejaa?"

Mchana ule mto ulimchukua Jánek. Paa lake lilionekana kidogo, kisha halikuonekana. Mji wa Juu ulijaa maji mpaka madirishani. Tuta la Dědek lilishika, kwa hisani ya mialoni na ya magunia ya mwokaji mikate. Na Vrbonín haukuzika mtu.

Zikafuata wiki za matope. Watu walitoa makochi nje, walikausha magodoro kwenye miti ya plamu, waligombana, walicheka, waliokota mabakuli ya wenzao. Familia za Ostrava hazikuondoka siku ile ya pili kama zilivyoweza. Wakubwa walikaa kuzoa matope ndani ya nyumba za watu wasiowajua, na Drahomíra alifunga vidonda vya kila aliyekatwa na koleo, akiwemo Metoděj na viganja vyake. Mgeni njoo, mwenyeji apone: walikuwa wameutazama mji wakauona ni wao.

Ila Zdislava alibadilika. Hakuna aliyemlaumu, maana kila mtu wa Vrbonín angelisema neno lile lile, na hapo ndipo palipomuuma. Jumatano zikarudi, tarumbeta zikakwaruza, naye akasoma: "Nguo za msaada zitagawiwa katika kanisa lililo kilimani." Mara ya kwanza watu walidhani ni ugeni wa siku mbaya. Mara ya tatu meya Tůma alikwenda ofisini na mfuko wa maandazi ya moto, akakaa, akavuta masharubu.

"Nani amekufa, Zdislavo?"

Hakuna aliyekufa, alisema.

"Basi mbona unasema kama mtu wa Praha? Mama yangu kakusikia, kaniuliza hilo kanisa la kilimani limejengwa lini."

Zdislava akamwambia kwamba neno lile nusura liwaue watoto, na kwamba halitatoka tena mdomoni mwake. Meya akasimama, akaacha maandazi. Mumewe naye, nyumbani, alimsikia akisema "kupanda kanisani" na "kule juu kanisani", maneno sahihi kabisa, maneno aliyomdai tangu ujana wao, na kila alipoyasikia aliinamisha kichwa kwenye supu kama mtu aliyeshinda kesi akajuta.

Vuli ikafika, na pamoja nayo siku ya kuvua Dědek. Wengine walikuwa wamesema mwaka huu tusivue, nyumba bado mbichi. Wakazomewa. Bwawa lilifunguliwa, maji yakashuka polepole, na asubuhi yenye ukungu mji wote ulisimama juu ya tuta chini ya mialoni, wakinywa mvinyo wa moto, wakitazama wavuvi wakikaza wavu na samaki wakichemka ndani yake kama chungu. Watu wa Bukovec walikuja pia, na safari hii hawakutaja vyura, walileta mbao. Drahomíra alikuja kwa treni na akina mama wa Ostrava, wamebeba masinia ya mikate ya duara yenye jibini laini na jamu, kwa ajili ya karamu ambayo ingefanyika kwenye ua wa kanisa.

"Hii tunaipeleka wapi?" Drahomíra aliuliza, sinia begani.

Alimuuliza Zdislava. Wote waliokuwa karibu walisikia, na wote wakangoja. Zdislava akanyanyua tu mkono kuelekea kilimani.

Ndipo Metoděj, aliyekuwa amesimama nyuma yake na samaki mzima kwenye gazeti, akakohoa.

"Chini," akasema. "Chini kanisani, mama."

Mzee mmoja wa baa akaangusha kikombe chake. Hakuna aliyekiokota.

Zdislava akageuka. "Umesema nini?"

"Umenisikia."

"Wewe ulisema hata tukutose bwawani."

"Bwawa lilikuja lenyewe," Metoděj akasema. Alikuwa mwekundu mpaka masikioni. "Miaka yote nimesema neno hili limepinda. Halijapinda. Mgeni anahitaji tu kengele pembeni yake, na kengele ninayo. Baba yako aliiokoa kabla yangu. Sasa usiniache niliseme peke yangu, watu wananitazama."

Drahomíra aliweka sinia sawa begani. "Chini kanisani," akarudia, kama anayepokea dawa kwa jina lake. "Najua njia. Unapanda."

Na akaanza kupanda, na wenzake nyuma yake.

Watu wa Vrbonín hawapigi makofi ovyo. Walivua kofia, wengine wakajifanya wanakuna vichwa, na mtu fulani akasema bia zote za dau la zamani leo zinarudi kwa wenyewe. Zdislava alichukua samaki mikononi mwa mumewe, akamfuta magamba kwenye kola ya koti. Kisha akamshika mkono ule uliokuwa umechubuka, wakawafuata wageni.

Jumatano iliyofuata tarumbeta zilikwaruza, na sauti nene isiyoharakisha ikasikika kwenye nguzo zote, mpya zile za mtoni na za kale za kilimani. "Wananchi wapendwa wa mji wa Vrbonín. Misa ya shukrani itakuwa Jumapili, chini kanisani." Hapo, kama walivyopatana, Voršila ikalia mara moja kutoka juu ya kilima, na mpita njia mmoja mwenye begi mgongoni, aliyekuwa akiteremka kuelekea darajani, akasimama, akainua kichwa, akageuka.